Mtaa wa sanaa Moshi uanzie kwenye mkataba wa pango

Kila wazo la mtaa wa sanaa katikati ya Moshi linapoibuka, mjadala hukimbilia kwenye rangi: ukuta upi uchorwe, sanamu ikae wapi, lango liandikwe nini. Hayo yanaweza kukamilika ndani ya wiki mbili, na ndiyo maana yanapendwa. Lakini mtaa wa sanaa husimama au huanguka kwa jambo ambalo hakuna anayelipiga picha: chumba anachofanyia kazi msanii ni cha nani, analipa shilingi ngapi kwa mwezi, na ana uhakika wa kubaki humo miaka mingapi. Katika jambo hilo Moshi ina nafasi ambayo miji mingi imeshaipoteza.

Nafasi hiyo imetokana na historia ya umiliki. Mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa, kiwango kikiwa shilingi 100,000 za wakati ule. Kwa miji kama Moshi na Arusha, hayo yalikuwa maduka na maghorofa ya katikati ya mji, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Yalisimamiwa na Msajili wa Majengo, kisha mwaka 1990 yakaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Baadhi yalirudishwa kwa wenyewe, mengine yamebaki kwa Shirika hadi leo. Ongeza hapo ardhi na majengo ya Shirika la Reli kuzunguka stesheni, majengo ya ushirika wa kahawa, na mali za Manispaa yenyewe kama masoko na stendi. Matokeo yake ni kwamba majengo mengi ya maana kati ya Mnara wa Saa, stesheni na Soko Kuu hayako mikononi mwa matajiri mia wenye mawazo mia. Ofisi nne tu, zote za umma au za wanachama, zinaweza kukaa meza moja na kuamua.

Johannesburg inaonyesha kinachotokea pasipo meza hiyo. Mtaa wa Maboneng, mashariki mwa katikati ya jiji, ulianza mwaka 2009 baada ya kampuni moja binafsi, Propertuity, kununua maghala na kuyageuza studio, kumbi za maonyesho, mikahawa na makazi. Kwa miaka kadhaa ulitajwa kila kona ya bara hili kama mfano wa kuigwa. Mwaka 2019 kampuni ikafilisika na majengo yakaingia mnadani. Wasanii wa pale hawakupungukiwa kipaji. Hawakuwa na kauli juu ya paa lililokuwa juu ya vichwa vyao.

Huku kwetu mifano iliyodumu ilianza na paa. GoDown ya Nairobi ilianza mwaka 2003 ndani ya ghala la zamani la magari, eneo la viwanda. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam ilianza 2008 kwenye eneo la viwanda vidogo Mikocheni, na makontena ya meli yakageuzwa studio. Hakuna iliyoanza kwa lango zuri. Zote zilianza kwa kumpa anayetengeneza mahali pa kutengenezea kwa bei anayoimudu, wageni wakafuata baadaye. Linganisha na maduka ya vinyago na picha katikati ya Arusha: wauzaji ni wengi, wanaotengeneza papo hapo ni wachache, na kwa hiyo picha ileile ya Tingatinga utaikuta kwenye duka la kwanza na la saba. Mtaa wa namna hiyo ni soko la zawadi. Soko la zawadi halina ubaya wowote, ila tusiliite kwa jina lingine.

Eneo linalofaa Moshi halihitaji kutafutwa mbali. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1910, iliuvuta mji kutoka Old Moshi kule juu hadi hapa tambarare, na mitaa ikapangwa kwa miguu ya watu kutoka stesheni kwenda sokoni. Umbali bado ni ule ule wa kutembea. Nyumba za zamani zina mpango unaojirudia: duka chini, makazi juu, ua nyuma, baraza mbele, na nyingine zina mwaka wa ujenzi umefinyangwa kwa saruji juu ya ukuta wa mbele. Kiwanja ni chembamba na kirefu. Umbo hilo ni zuri sana kwa kazi za mikono, kwa sababu kelele, vumbi na moto vinaweza kukaa uani huku mbele kukibaki kusafi kwa mteja.

Na baraza zenyewe tayari zina watu. Angalia baraza moja ya kawaida ya Moshi: upana unaomtosha mpita njia na cherehani, nguzo mbili, vitenge vimening'inizwa kwenye waya, cherehani ya miguu imeegemezwa ukutani mahali ambapo mwanga wa asubuhi unafika, pasi ya mkaa juu ya kigoda, na chini ya meza kapu la vipande ambavyo kesho vitakuwa mto au begi. Fundi yule hana mkataba. Anamlipa mwenye duka kwa makubaliano ya mdomo, na siku mwenye duka akiongezewa kodi, yeye ndiye wa kwanza kuondoka. Mpango wowote wa mtaa wa sanaa ambao hauanzi kwa kuwahesabu mafundi cherehani, mafundi viatu, waandika mabango na wapiga picha walioko barazani utaishia kuwafukuza wasanii wa kweli wa mji ili kuwapisha wa kufikirika. Kazi ya kwanza kabisa, kabla ya mchoro wa mhandisi, ni orodha: nani yuko wapi, anafanya nini, analipa nani, shilingi ngapi.

Orodha ya pili ni ya majengo, na hii ina haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mji wa sasa wa Moshi umezaliwa na reli, kwa hiyo hauna hata moja. Nyumba ya miaka ya 1930 yenye baraza na nguzo inaweza kuangushwa Jumatatu na kontena la nondo likafika Jumanne, na hakuna kifungu cha urithi kitakachokuwa kimevunjwa, isipokuwa kama Waziri ameitangaza kuwa urithi au mamlaka ya mipango imeiwekea ulinzi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaipa Manispaa mlango wa kuingilia, kupitia mpango wa kina wa eneo. Mpango huo useme wazi: mbele ya nyumba na baraza visiguswe, urefu wa ghorofa usizidi wa jirani, ujenzi mpya uruhusiwe uani. Wamiliki watalalamika kwamba wanazuiwa kupanda juu, na hoja yao ni ya haki, hivyo wapewe kitu mkononi: unafuu wa ada za vibali, na ruhusa ya matumizi mchanganyiko ambayo leo inawachukua muda mrefu kuipata.

Sasa vyumba. Makosa mengi hufanyika hapa kwa sababu anayechora mpango hudhani msanii ni msanii. Mchoraji anahitaji mita za mraba 15 hadi 20, dari isiyopungua mita tatu, na mwanga usiobadilika sana. Moshi iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo madirisha ya mashariki na magharibi hupigwa na jua kali asubuhi na jioni; ya kaskazini na kusini ndiyo ya kuchagulia studio. Ghala lisilo na madirisha hutengenezwa kwa kubadilisha bati moja kati ya kumi kuweka bati ang'avu, na kutandika kitambaa cheupe chini yake ili mwanga usambae. Anayesahau matundu ya hewa juu ya ukuta anajenga tanuri, na rangi ya mafuta kwenye chumba kisicho na hewa humuumiza kichwa anayeitumia.

Fundi wa sanamu za vyuma anahitaji umeme wa njia tatu, sakafu ya zege na umbali na vitambaa. Mchonga mbao anatoa vumbi jembamba linaloharibu rangi mbichi ya jirani, kwa hiyo asipangwe upande unakotoka upepo. Wacheza ngoma na sarakasi wasipewe zege tupu hata siku moja: magoti na visigino huharibika taratibu mpaka mtu anaacha kazi akiwa kijana. Sakafu yao ni mbao juu ya mihimili iliyolazwa kwenye vipande vya mpira, ili inepe kidogo mtu anapotua.

Batiki ina tatizo lake ambalo wengi hulijua baada ya bomba kuziba. Kitambaa huchemshwa ili nta itoke. Maji yale ya moto yakimwagwa kwenye sinki, nta hupoa njiani na kuganda. Dawa yake ni chemba ya vyumba viwili: cha kwanza maji yapoe, nta ielee na kuchotwa, kwani hutumika tena, cha pili rangi itulie kabla maji hayajaenda kwenye shimo lake. Maji ya rangi yenye kostiki soda yasiingie kamwe kwenye mifereji ya mvua. Mifereji ya Moshi hushuka kuelekea mito ambayo bondeni, kupitia Njoro na Rau, inanywesha mashamba ya mpunga ya Lower Moshi. Chemba hiyo ni kazi ya siku chache kwa fundi mwashi na ingefaa iwe sharti la leseni.

Wanamuziki ndio hugombana na majirani. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii sauti kutoka nje. Hupunguza mwangwi kidogo tu kwa sauti nyembamba, na zikishika moto huwaka haraka. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa. Ukuta wa tofali za inchi sita, nafasi ya sentimita tano hadi kumi, kisha ukuta wa pili usiogusana na wa kwanza. Mlango wa mbao ngumu wenye mpira kuzunguka fremu yote. Na hewa iingie kupitia njia yenye kona, si tundu lililonyooka. Chumba kimoja cha namna hiyo chenye mita za mraba 30 kingewatosha kwa zamu vijana wa bongofleva, kwaya za Kilutheri na za Kikatoliki, na vikundi vya matarumbeta vinavyosindikiza maharusi kila Jumamosi juu ya pikapu. Matarumbeta ni sanaa ya mjini Moshi yenye wateja wanaolipa taslimu mwaka mzima, na inashangaza jinsi isivyotajwa kwenye mipango ya sanaa. Bila chumba hicho, faini za mamlaka ya mazingira kwa ajili ya kelele zitaufunga mtaa mapema.

Tuje kwenye hesabu, na tuchukue ghala la mita za mraba 600 kama mfano wa kukokotoa. Njia, vyoo, stoo na ngazi vitakula robo nzima. Zinabaki 450: studio 15 za mita 20, ukumbi wa mita 90, na maduka matatu ya mbele ya mita 20. Studio zikikodishwa kwa shilingi 5,000 kwa mita, kila moja ni 100,000 kwa mwezi, jumla milioni 1.5. Lakini hazijai zote wala hazilipi zote. Weka asilimia 80, unapata milioni 1.2. Walinzi wawili 500,000, msimamizi 500,000, umeme wa pamoja na maji na taka 250,000, mfuko wa matengenezo 250,000. Umeshatumia milioni 1.5 na mwenye jengo hajapata hata senti. Studio peke yake haijilipi, na anayeahidi vinginevyo hajapiga hesabu. Maduka ya mbele ndiyo yanayobeba, kwa bei kamili ya soko, tuseme 400,000 kila moja: milioni 1.2. Ukumbi ukikodishwa mara 12 kwa mwezi kwa 50,000 unaleta 600,000. Mapato yote milioni 3, matumizi milioni 1.5, kinachobaki kwa mwenye jengo ni shilingi 2,500 kwa mita.

Kwa duka linalotazama stendi, kiasi hicho ni matusi. Kwa ghala tupu lenye paa linalovuja, au ghorofa ya juu ambayo wateja hawapandi, au ua unaohifadhi vyuma chakavu, ni pesa ambayo leo haipo kabisa. Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kuchagua majengo: wasanii waende juu na nyuma, biashara ibaki mbele. Kumwondoa muuza vipuri wa mbele ili kuweka studio ya vioo ni kukata tawi linalobeba wote.

Mkataba wenyewe uwe wa miaka isiyopungua kumi. Wa mwaka mmoja mmoja unamfanya mpangaji asiguse paa, au aliguse kisha aongezewe kodi kwa sababu jengo sasa linapendeza. Ongezeko la kodi liandikwe mapema, kwa mfano asilimia 5 kwa mwaka na si zaidi. Matengenezo makubwa yanayolipwa na wapangaji yakatwe kwenye pango kwa bei iliyokubaliwa na mhandisi wa mwenye jengo kabla kazi haijaanza, kwa sababu risiti zinazopelekwa baadaye huzua ugomvi usioisha. Mkataba usajiliwe kwa Msajili wa Hati ili jengo likiuzwa umfuate mnunuzi. Kilemba, yaani pesa anayodaiwa mpangaji ili aachiwe chumba, kipigwe marufuku kwa maandishi, na kupangisha mtu wa tatu vilevile. Bila vifungu hivyo viwili, ndani ya miaka mitatu studio za bei nafuu zitakuwa na madalali, na msanii atalipa bei ya soko kwa mtu asiyejua hata kushika brashi.

Kuna mtego wa kodi pia. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Vikundi vingi humlipa mwenye nyumba pesa yote, na mkaguzi akija deni linakuwa la kikundi. Mhasibu alijue hili tangu mwezi wa kwanza. Na kila studio iwe na mita yake ndogo ya umeme: LUKU moja kwa watu kumi na watano, mmoja wao akiwa na mashine ya kuchomelea, imevunja vikundi vingi kuliko tofauti za kisanaa.

Nani awe na mkataba mkuu? Msanii mmoja mmoja ni dhaifu, na ofisi ya Manispaa hubadilika sera kila baada ya uchaguzi. Moshi ina jibu lake mlangoni. Huu ni mji wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanza mwaka 1933, na ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Ushirika. Wasanii waunde chama cha ushirika kilichosajiliwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kishike mkataba mkuu na wamiliki, kisha kipangishe wanachama. Hesabu zikaguliwe na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Vijana na wanawake wakijiunga kwenye vikundi vyao wanaweza pia kuomba mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, itumike kwa vifaa: cherehani, mashine ya kuchapa fulana, spika. Isitumike kwenye pango, kwa sababu pango halizai marejesho. Kilimanjaro inajua pia ushirika unavyoharibika, viongozi wanapokaa muda mrefu na wanachama hawaoni vitabu. Kwa hiyo ukomo wa uongozi uandikwe kwenye masharti, na nafasi ya studio ipitiwe kila miaka miwili kwa kipimo kimoja: mwenye nayo anatengeneza humo, au ameigeuza stoo?

Jambo linalosumbua zaidi ni wateja. Wapandaji wa Kilimanjaro hulala Moshi usiku mmoja kabla na mmoja baada, hupungua sana masika, na wengi hutoka uwanja wa KIA hadi hotelini bila kukanyaga mjini. Mtaa unaowategemea wao utafunga milango mwezi Aprili. Mkoa huu una msimu mwingine mkubwa: Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar, Nairobi na kwingineko wakiwa na familia nzima, na pesa, na siku kumi za kutafuta pa kutembea jioni baada ya kushuka mgombani. Maonyesho makubwa, matamasha na oda za zawadi zilenge wiki za tarehe 15 Desemba hadi mwaka mpya. Miezi mingine ibebwe na kazi za kawaida ambazo mji unalipia tayari: sare za kwaya, mabango, kadi na mapambo ya harusi, picha, mafunzo ya muziki kwa watoto siku za Jumamosi.

Kufunga barabara moja kwa soko la Jumamosi kunahitaji barua kwa TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), Manispaa na polisi wa usalama barabarani, na Afisa Utamaduni ahusishwe kwa vibali vya burudani. Ianze saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku, mara moja kwa mwezi. Taa na vyoo viwepo kabla ya jukwaa, la sivyo wanawake wataondoka saa kumi na mbili na wateja watawafuata. Daladala zihamishiwe mtaa wa pili tu, zisiondolewe katikati ya mji. Jambo hilo linagusa pia mpango wa stendi mpya ya Ngangamfumuni: abiria wa Rombo, Marangu na Machame wakiacha kushukia katikati ya mji, maduka ya mbele tuliyoyategemea kwenye hesabu yetu yatapoteza wapita njia. Eneo la stendi ya sasa liamuliwe pamoja na mtaa wa sanaa, kwenye kikao kimoja.

Ukarabati ufuate mpangilio wa akili: paa, mifereji ya paa, umeme, vyoo, mlango wa pili wa dharura unaokubaliwa na Zimamoto, kisha ndiyo kuta. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa zisipigwe plasta ya saruji. Unyevu hunaswa ndani na plasta hubanduka vipande vikubwa baada ya masika mawili. Plasta iwe ya chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchoro wa ukutani unaowekwa kabla ya mfereji wa paa kutengenezwa utamwagikiwa na maji ya bati mvua ya kwanza, na fedha ya rangi itakuwa imekwenda.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai na bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Orodha ya mafundi wa barazani na orodha ya majengo zinahitaji maafisa wachache, wanafunzi wa chuo na mwezi mmoja wa kazi. Zikiwa tayari kabla ya vikao vya bajeti, Mkurugenzi atakuwa na kitu cha kuwaandikia Shirika la Nyumba, Shirika la Reli na ushirika: jengo gani, mita ngapi, kwa miaka mingapi.